Gesi ya Mbinguni

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima nuru ambayo sijawahi kuiona kwa macho yangu. Nyinyi wanangu mnaoniuliza niliwezaje kudumu na kazi ya namna hiyo, kaeni kidogo niwaeleze. Msitarajie nianzie mwanzo nifuate mpaka mwisho. Nimestaafu, sina tena bosi wa kunidai mpangilio.

Mmesoma shuleni kwamba hewa tunayovuta si oksijeni tupu. Sehemu yake kubwa ni nitrojeni, gesi pole isiyo na rangi wala harufu, inayoingia puani na kutoka bila kumsumbua mtu. Lakini juu sana, juu kuliko mawingu na juu kuliko inapopita ndege, hewa ni nyembamba na jua ni kali kupita kiasi. Ukali ule huinyang'anya nitrojeni elektroni moja. Ikishanyang'anywa hivyo huitwa ioni, na inapata tabia mpya: mwanga wa jua ukiipiga, huurudisha kwa rangi yake yenyewe, zambarau iliyofifia, pale ambapo jicho la binadamu linakaribia kushindwa. Mchana huwezi kuipima nuru hiyo, maana anga zima linawaka. Usiku ukiwa mkubwa huipati, kwa kuwa hata kule juu jua limekwishaondoka. Kinachobaki ni muda mfupi kati ya magharibi na isha, wakati sisi wa chini tumeingia gizani na wao wa juu bado wanapigwa na jua. Na huku kwetu jua halizami, linadondoka. Ukichelewa kufunga kamba za viatu umeipoteza siku.

Mimi niliajiriwa kupima mvua na upepo. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja cha matofali kwenye mwinuko nje ya Palma, kusini kidogo ya mto Ruvuma, ghuba ya Tungue ikionekana yote kwa chini. Ndipo chuo kimoja cha kusini kikaleta kifaa kikuukuu kilichokwishatumika kwingine, bomba jeusi la kutazama juu kupitia tundu la paa. Jina lake ni fotometro, kipima nuru. Sisi tulikiita Jicho. Pamoja na Jicho akaja fundi wake, Mestre Eugénio.

Mestre alikuwa Mmakonde wa kule juu nyandani, Mkristo, fundi wa umeme aliyeanza na redio za watu. Alikuwa na kiganja kipana kama kata, lakini akishika bisibisi ungedhani anamshika kifaranga. Siku ya kwanza aliniuliza, "Atija, ukitoka juani ukaingia nyumbani, unaona nini?"

"Sioni kitu, Mestre. Mpaka macho yazoee."

"Na hili Jicho ni hivyo hivyo, ila lenyewe ukilimwagia mwanga mwingi halizoei. Linakufa."

Basi somo langu la kwanza likawa kifuniko. Usiwashe taa, usiwashe kiberiti, usifungue mlango, mpaka umehakikisha kwa vidole vyako, si kwa kumbukumbu, kwamba kifuniko kimekaa. Somo la pili lilikuwa kioo cha juu. Chumvi ya bahari hulala juu yake kila siku, nawe usiifute kavu kavu, utakikwaruza. Kwanza maji ya mvua, kisha kipande cha kapulana kuukuu, kanga ya huku kwetu, kile kilichofuliwa mpaka kimekuwa laini kama sikio la mbuzi. Mpaka leo nikiona mtu anafuta miwani yake na shati, moyo unanidunda.

Mle ndani kulikuwa na sindano yenye wino, ikichora mstari juu ya karatasi inayojikunjua polepole. Jua likishuka mstari nao unashuka, kwanza kwa haraka, kisha kwa kusitasita, na pale kwenye kusitasita ndipo nitrojeni ilipokuwa ikisema yake. Siku hizi vijana wana kamera inayojifungua yenyewe na kupeleka picha kusini kabla hujamaliza chai. Sina ugomvi nayo. Nasema tu kwamba sindano ilikuwa na sauti, na ukizoea unajua mambo ya angani huku umegeuza mgongo.

Tulikosea sana, na makosa yetu mengi yalikuwa ya kuchekesha. Kuna wiki moja mstari ulikuwa ukizama ghafla katikati, kisha unapanda tena, kila jioni. Tukaanza kusema mambo makubwa. Mimi nikasema labda ni wingu la vumbi la vimondo. Mestre akasema labda nguvu za sumaku za dunia. Tukabishana mpaka nikaota ndoto. Siku ya tano au ya sita nikapanda paani na kuchungulia: mjusi mnene amelalia kioo, tumbo lake likiota joto lake. Alikuwa akija jioni kula wadudu, akishiba anaondoka. Mestre alicheka mpaka akakaa chini. Alipenda kucheka yule mtu. Kila jambo kwake lilikuwa na mlango wa utani, na ndio mlango huo uliotuingizia balaa.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana ndilo hasa nililotaka kuwasimulia.

Ilikuwa miaka ile magari ya wapimaji yalipokuwa yakizunguka pwani yote, vigingi vikichomekwa ardhini, utepe mwekundu ukifungwa mitini, kwa sababu baharini kumepatikana gesi. Neno gesi wakati huo halikuwa neno la darasani tena. Lilikuwa na maana ya kuhama. Watu walikuwa wanalala nalo na kuamka nalo.

Asubuhi moja Mestre alikuwa anakunywa chai kibandani pale sokoni. Mtu mmoja akamuuliza, "Nyinyi na lile bomba lenu linalotazama juu, mnatafuta nini?"

Mestre hakutabasamu hata kidogo. Akasema, "Gesi. Ile ya baharini imeshapata wenyewe. Sisi tunatafuta ya mbinguni."

Kibanda kizima kilicheka. Aliniambia mwenyewe alipofika kazini, nami nikacheka pia, maana ulikuwa utani wenye ukweli ndani yake. Nitrojeni si gesi? Na tuliitafuta wapi kama si juu? Kumbe wapo ambao hawakucheka, na wapo waliobeba neno bila kicheko chake. Likatoka sokoni likiwa utani, likafika msikitini likiwa habari, likafika kwenye makuti ya nyumba za watu likiwa amri.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Muanacha, mjane, mtu wa maneno machache, mwenye shamba la mihogo kwenye mteremko chini ya kituo. Kila nikipita asubuhi tulisalimiana. Wiki moja hivi baada ya utani ule, niliporudi kutoka mapumziko ya siku chache, nikakuta shamba limepinduliwa lote. Mihogo imeng'olewa, mashina yamelundikwa kando, na juu ya paa lake ameanika makopa, vipande vyembamba kama vidole vya mtoto. Mihogo ilikuwa michanga bado. Ilihitaji miezi mingine mingi ardhini.

"Shikamoo Bibi. Mbona umevuna mapema hivi?"

"Marahaba. Kuliko kuwaachia wengine waile, bora nianike."

"Wengine gani?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mwongo. "Atija, mwanangu, wewe ndiye unafanya kazi pale. Kwanza tunahama sisi wa karibu na bomba, kisha bairro zima, mtaa wote. Kama ulijua, ungeniambia mapema nikachimba taratibu. Mgongo wangu si wa kuchimba shamba zima kwa siku chache."

Mlangoni pake palikuwa na mafurushi mawili yamefungwa. Amelala nayo hivyo kwa siku kadhaa, akisubiri gari. Nilijaribu kumweleza, lakini kadiri nilivyosema neno nitrojeni ndivyo alivyokunja uso, kwa sababu kila nilipoulizwa nitrojeni ni nini sikuwa na jibu ila kusema ni gesi.

Nilirudi kituoni nikamweleza Mestre. Alikuwa anafungua nati fulani. Aliiweka mezani. Akasema, "Nilisema maneno kumi tu." Akairudia nati yake.

Jambo lenyewe halikuishia kwa Bibi. Sekretario, kiongozi wa bairro, alituita. Alikuwa mtu muungwana, lakini siku hiyo hakutukaribisha kiti.

"Wazee wamekuja kwangu," alisema. "Wanataka bomba ling'olewe. Na kuna vijana wanasema wakilikuta Ijumaa bado lipo, wataling'oa wao. Mestre, wewe si mtu wa hapa. Nakwambia kwa kukutakia heri."

Mestre akajibu, "Niite mbele yao, Sekretario. Niliyesema ni mimi."

Ndivyo ulivyopatikana mkutano, adhuhuri, ndani ya chumba kikubwa cha nyumba ya Sekretario. Mestre alikuwa na wazo. Kituoni tulikuwa na mrija wa kioo wenye nitrojeni kidogo sana ndani, uliofungwa pande zote, na nyaya mbili. Tuliutumia kulijaribu Jicho, kuona kama bado linaitambua rangi yake. Ukiupitishia umeme, unawaka. Alisema, "Watu wanaogopa kitu wasichokiona. Tuwaonyeshe."

Madirisha yakazibwa kwa kapulana. Watu wamejaa hadi kibarazani. Mestre akaunganisha betri na koili yake, akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Hii ndiyo gesi tunayoitazama." Akagusa swichi.

Wanangu, ule mrija ulikuwa mzuri. Katikati uliwaka rangi ya waridi, na pembeni, karibu na waya wa mwisho, rangi ikageuka buluu inayoelekea zambarau. Nilimsikia mtu akisema "Subhanallah" polepole. Mestre akanyoosha kidole chake kinene pale penye buluu. "Hii ya hapa, hii ya zambarau, ndiyo yetu. Hii ni ile iliyonyang'anywa elektroni yake. Huko juu jua ndilo linalofanya kazi ya betri."

Akazima. Kapulana zikashushwa. Mzee mmoja wa mbele akasimama, akajipangusa kanzu, akasema, "Tumekuelewa. Nilikuwa sina hakika kama gesi ipo. Sasa nimeiona kwa macho yangu."

Chumba kikavuma. Nilimtazama Mestre, jasho linamtoka. Tulikuja kuzima moto, tumeumwagia mafuta ya taa. Vijana mlangoni walianza kusukumana, na Sekretario alikuwa amekwishanyanyua mkono kufunga mkutano, wakati Bibi Muanacha alipozungumza kutoka pembeni walikokaa wanawake. Hakusimama.

"Mimi nina swali kwa huyu fundi. Hiyo gesi uliyoifungia kwenye chupa, uliitoa wapi?"

"Kwenye hewa, Bibi."

"Hewa ya wapi? Ya pale kituoni?"

"Hewa yoyote. Iko humu chumbani. Iko puani mwako sasa hivi na puani mwangu."

"Na kule Pundanhar ipo?"

"Ipo."

"Na kisiwani, Macaloe?"

"Ipo, Bibi. Na ng'ambo ya Ruvuma ipo, na Maputo ipo. Hakuna mahali isipokuwepo."

Bibi akafikiri. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema, "Basi hao wanaotaka kutuhamisha kwa sababu ya gesi hii, watatupeleka wapi ambako haipo?"

 Mtu akacheka kule kibarazani, na kicheko kikaingia ndani kama maji chini ya mlango, mpaka yule mzee wa mbele naye akajifunika uso kwa kofia yake. Sekretario alisema, "Bibi amemaliza mkutano." Watu walitoka wakirudia lile swali, na kufikia alasiri lilikuwa sokoni, likifuta lile neno la kwanza kila lilipopita.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Bibi, na yeye hakucheka. Mestre aliliona hilo pia. Watu walipokwisha kuondoka alimsogelea, akachuchumaa ili asimwinamie kwa juu.

"Bibi, nimekukosea. Ule ulikuwa utani wangu."

"Najua ulikuwa utani. Nimeambiwa leo." Alikuwa anakunja kapulana yake. "Utani wako umekula mihogo yangu, baba. Wewe utacheka tena kesho. Mimi mwakani nitapanda nini? Mashina yamekauka juani."

Mestre hakujitetea. Siku ya pili aliniomba nisimamie Jicho peke yangu, akapanda lori la watu wa mkaa kwenda Pundanhar. Ile njia mnaijua nyinyi, na mvua zilikuwa zimeanza. Nilikaa jioni baada ya jioni peke yangu na sindano, nikisikiliza, nikijiuliza kama lori limekwama au limepinduka. Aliporudi alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, na mgongoni amebeba furushi la mashina ya mihogo yaliyofungwa kwa kamba za miti. Njiani lori lilikuwa limezama mpaka ekseli, akatembea kipande kikubwa kwa miguu, akiyafunika mashina kwa koti lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Muanacha, hata hakuoga. Bibi akachomoa shina moja, akalikwangua ganda kwa ukucha, akaangalia utomvu.

"Hii si ile michungu yenu ya huko juu, ya kuloweka siku tatu?"

"Hapana, Bibi. Nimeulizia mitamu."

"Umeulizia, au umeonja?"

"Nimeonja."

Ndipo alipompa jembe. Hakumpa shukrani, alimpa jembe, na Mestre akalima akiwa na tope lake lile lile, Bibi akifuata nyuma akikata mashina na kuyalaza ardhini kwa mwinamo aliouzoea. Mimi nilileta maji ya kunywa. 

Baada ya hapo Mestre alibadilika. Kazi aliifanya vizuri kama zamani, pengine vizuri zaidi, lakini utani uliisha. Ukimuuliza jambo anajibu jambo. Sokoni alikunywa chai yake akiwa amesimama. Mimi ndiye niliyeanza kumtania, kuhusu mjusi, kuhusu koti lake lililoharibika, naye anatikisa kichwa tu. Nilijifunza kitu hapo, ingawa sijui nikiwekeje kwenye maneno. Labda ni hiki: tulikuwa tumekaa pale muda wote tukipima anga juu ya vichwa vya watu, na hatukuwa tumewaambia wenye vichwa hivyo tunafanya nini. Kwa hiyo nikaanza kuwaambia. Nilikwenda shuleni na ule mrija. Nilikwenda kwa wanawake kisimani. Nikajifunza kusema "hewa" kabla ya kusema "gesi." Walimu wangu wakubwa wa fizikia walikuwa wale waliouliza maswali kisimani. Mmoja aliniuliza ile elektroni iliyonyang'anywa inakwenda wapi, na je, huwa inarudishwa. Nikarudi kumuuliza Mestre, naye akaandika kusini, na jibu likaja kwamba ndiyo, ioni hukutana na elektroni nyingine ikatulia, mpaka jua la kesho. Yule mama alifurahi sana. Alisema alikuwa na wasiwasi nayo.

Ramadhani ikafika. Nilikuwa nafuturu kituoni, tende na maji, naswali magharibi pale pale, kisha tunafungua Jicho. Jioni moja tukasikia hodi. Ni Bibi Muanacha, na bakuli la uji wa futari lililofunikwa.

"Nimesikia mnawaonyesha watoto wa shule," alisema. "Mimi niliuliza swali mkutanoni, lakini hilo bomba lenyewe sijaliona likifanya kazi."

Mestre alimpa kiti chake. Tukafuturu, tukaswali mimi na Bibi, naye Mestre akahakikisha kifuniko kwa vidole. Giza lilipokuwa limekaa vizuri nje, akafungua. Sindano ikaanza. Bibi akainama kuitazama kwa ule mwanga mwekundu mdogo tuliouruhusu.

"Inasemaje?"

"Inasema kule juu jua bado linapiga," nikamjibu. "Huku kwetu limezama, lakini kule halijazama. Inashuka polepole. Ikifika chini kabisa, ujue na kule limekwisha."

Alitazama mstari kwa muda mrefu. Akatazama bakuli lake tupu. Akatazama juu kwenye tundu la paa, ambako hakuna mtu angeweza kuona chochote ila nyota moja.

"Maskini," alisema. "Kumbe wenzetu bado hawajafuturu."

Mestre alikuwa amesimama nyuma yake. Kwanza nilidhani amepaliwa. Kisha nikaisikia, ile sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mkutano, ikianzia chini tumboni na kupanda, mpaka ikabidi ashike meza kwa viganja vyake vyote viwili, na meza ikatikisika, na sindano ikaruka ikachora mlima mkali katikati ya ule mstari mzuri. Bibi Muanacha akamtazama. Akaanza naye kucheka, taratibu, mkono mdomoni.

Kila mtikisiko kwenye karatasi ilibidi tuandike sababu yake, ili wa kusini wasidhani ni jambo la angani. Tulipomaliza kazi Mestre alichukua kalamu, akafuta macho kwa mkono wa shati, akaandika pembeni ya ule mlima neno moja la Kireno, "riso," kicheko. Karatasi ikapelekwa hivyo, na hakuna aliyetuuliza.